Ngazi ni Moja, Malipo Si Mamoja



Wako wenzetu wasemao ya kwamba habari ya mishahara ya wanawake haina mahali katika shughuli za chama cha watumishi wa Serikali. Hoja yao ni fupi, na kwa kuwa ni fupi husikilizwa upesi. Wasema kwamba ngazi za mishahara ya Serikali ya Tanzania haziulizi kama mtumishi avaa suruali au avaa gauni. Mwalimu mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Akiwa Juma au akiwa Asha, shilingi ni zile zile. Basi, wasema, wanaopunjwa ni wale wa mashambani na wa viwanda vya watu binafsi. Huko ndiko kwenye kesi. Sisi yetu ilikwisha siku nyingi.

Hoja hii imesemwa mbele yetu mara nyingi mno, na kila isemwapo watu hutikisa vichwa kwa kukubali, nao wanawake waliomo barazani hunyamaza. Sisi hatukubali, na kunyamaza kwao hatukuhesabu kuwa ni kukubali. Twataka kuonyesha ya kuwa ngazi ya mshahara ni sehemu moja tu ya malipo ya mtumishi, na ya kuwa hiyo sehemu nyingine, ambayo haikuandikwa katika ngazi, ndiyo itenganishayo mfuko wa mwanamume na mfuko wa mwanamke katika ofisi moja, juu ya meza moja.

Kwanza tuitazame sheria, maana wapinzani wetu huitaja bila kuisoma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 23, yampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake pasipo ubaguzi. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani ulipitishwa mwaka 1951, nayo Tanzania ikauridhia mwaka 2002. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu chake cha 7 yamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha ujira ulio sawa kwa mwanamume na mwanamke wafanyao kazi yenye thamani sawa. Tafadhali wasomaji wetu wasimame kidogo hapo. Sheria haikusema kazi ile ile. Ilisema kazi yenye thamani sawa. Tena haikumwambia mwajiri ajizuie tu na ubaya, bali ilimwambia atende. Ofisi isemayo kwamba haijambagua mtu, nayo haijafanya neno lo lote, haijaitimiza sheria hiyo hata nusu yake.

Sasa tuseme makarani wawili, mwanamume na mwanamke, waliingia katika masjala ya wilaya siku moja, kwa cheti cha namna moja na ngazi moja. (Hatumsemi mtu, kila ofisi yawajua wawili hawa.) Mwezi wa kwanza hati zao za mshahara hazipitani hata senti. Mwezi wa pili watafutwa watu wa kwenda vijijini kuhakiki orodha za watumishi, safari ya siku 5. Anayeandika majina hamwandiki yule mwanamke. Hana chuki naye. Amwona tu kwamba ana mtoto mchanga, au kwamba mumewe huenda asipende, au kwamba gari litarudi usiku. Basi amhurumia, wala hamwulizi. Mwezi wa tatu pana mafunzo katika mji mwingine, na huruma ile yarudi tena.

Huruma hii tuipigie hesabu, kwa kuwa sisi ni makarani na hesabu ndiyo kazi yetu. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani ya nchi, na kiwango cha chini kikatoka shilingi 80,000 kwa siku kikawa 100,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa mwezi wa Julai mwaka 2025 kikawa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa hiyo siku 5 za safari, kwa kiwango cha chini kabisa cha posho, ni sawa na mshahara wa mwezi mzima wa mtumishi wa chini kabisa. Tutaambiwa kwamba msafiri hula na kulala kwa fedha hiyo. Ni kweli. Lakini nani katika sisi asiyejua nyumba ngapi za watumishi zimeezekwa kwa posho, na ada ngapi za watoto zimelipwa kwa fedha iliyobaki baada ya kulala kwa jamaa na kula kwa mama ntilie? Tusijifanye wageni wa mambo yetu wenyewe. Mshahara ndio unaotulisha. Posho ndiyo inayotuinua. Na orodha ya posho haina ngazi, haina herufi, wala haibandikwi ukutani.

Tena mambo hayaishii katika fedha ya siku ile. Aliyesafiri amejua kazi ya vijijini, amefahamiana na wakubwa wa mkoa, jina lake limeonekana katika ripoti. Inapopatikana nafasi ya kukaimu, ni yeye anayekumbukwa. Akikaimu hupata posho ya kukaimu. Nafasi ikitangazwa, atakuwa na la kuandika katika maombi yake. Baada ya miaka kumi wale makarani wawili hawamo tena katika ngazi moja, na hapo ndipo wenzetu hutuonyesha daftari na kusema: Je, mwaona? Yeye yuko juu kwa sababu amestahili. Naam, amestahili, lakini muulizeni ni nani aliyempa mahali pa kustahilia. Na kwa kuwa pensheni nayo huhesabiwa kwa muda wa utumishi na kwa mshahara ambao mtu amefikia, huruma ya mwezi wa pili yamfuata mwanamke hata uzeeni.

Uhamisho nao una yake. Mtumishi akihamishwa na Serikali hulipwa gharama za safari na mizigo. Akiomba mwenyewe kuhama, hujilipia. Sasa hesabuni katika ofisi zenu: ni wanaume wangapi mnaowajua walioomba uhamisho ili wamfuate mke? Na wanawake wangapi walioomba wamfuate mume? Mwanamke huyo hufunga vyombo vyake kwa fedha yake, hufika mahali asipojulikana, na kazi nzuri aliyoifanya alikotoka yabaki huko katika jalada ambalo hakuna alifunguaye. Akihamishwa mumewe tena baada ya miaka minne, aanza tena. Desturi ya kwamba mke amfuata mume hatukuja kuivunja hapa. Twasema tu kwamba ina bei, na bei hiyo yalipwa na mmoja.

Twafika kwenye uzazi, ambako maneno ni mengi na mengine si ya kuandikwa. Sheria ile ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja; baba ilimpa siku 3. Tazameni uwiano huo, 84 kwa 3. Siku za mama kujiuguza na kunyonyesha hatuzionei wivu, na kama zingeongezwa tungefurahi. Lakini sheria iliyompa baba siku 3 imekwisha mwambia kila mkuu wa ofisi kwamba mtoto ni shughuli ya mtumishi mmoja tu, yule wa kike. Basi mkuu afanya hesabu yake kabla hajaajiri na kabla hajapandisha cheo: huyu ataondoka miezi karibu mitatu, huyu hataondoka. Hasemi kwa mdomo, maana sheria yamkataza. Huiweka hesabu hiyo moyoni, na matokeo yake huyaita busara ya uongozi. Laiti baba naye angepewa majuma kadhaa ya lazima, hesabu hiyo ingeharibika siku ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo wanachama wengi wangependa lisipigwe chapa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 iliitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, katika kifungu cha 25. Haikuitaja kwa mchezo. Mwanamke ajuaye kwamba safari pamoja na mkubwa fulani ina masharti yasiyoandikwa, aikataa safari hiyo. Kesho yake yaandikwa katika taarifa yake kwamba hana moyo wa kujituma. Amelinda heshima yake, akatozwa faini kwa kuilinda. Kisha sisi wanaume tulioshuhudia twakaa kimya, maana mkubwa yule ndiye atiaye sahihi masurufu yetu.

Hayo ni ya ndani ya ofisi moja. Lakini neno lile la thamani sawa latutaka tutazame na kazi zenyewe. Zipo kazi ambazo nchi yetu imezoea kuziona za kike: uuguzi, ukunga, kufundisha madarasa ya kwanza, upigaji taipu, usafi, ulezi wa watoto. Zipo zinazoonekana za kiume: uhandisi, udereva, migodi, umeme. Ni mizani gani iliyopima kwamba mkono unaompokea mtoto saa tisa ya usiku, kwa taa ya simu, una thamani ndogo kuliko mkono unaoshika usukani? Hatujaiona mizani hiyo. Tumeona mazoea tu, nayo mazoea yakikaa sana hujiita utaalamu.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautoki Serikalini, bali katika amri ya Serikali. Mwaka 2013 ilitolewa Amri ya Mishahara kwa sekta binafsi. Kampuni za uchimbaji mkubwa wa madini zilipangiwa kima cha chini cha shilingi 400,000 kwa mwezi. Mtumishi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri wa kawaida alipangiwa 40,000. Moja ya kumi! Amri haikutaja mwanamume wala mwanamke mahali po pote. Haikuwa na haja. Ilitaja mgodi na ilitaja jiko, na kila msomaji alijua ni nani amekaa wapi. Amri za baadaye zimeongeza viwango, lakini mtumishi wa nyumbani amebaki chini ya wenzake. Tutaambiwa kwamba mgodi huzaa dhahabu na jiko halizai kitu. Lakini nyumba ngapi za wanachama wetu zingefunguka asubuhi kama yule binti asingeamka saa kumi na moja? Mwalimu afika darasani, muuguzi afika wodini, karani afika masjala, kwa sababu yuko mtu aliyebaki na mtoto. Wengi katika sisi tunaotaka Serikali itupime kwa haki twampima binti huyo kwa kipimo cha amri, na wengine hata hicho hatukifikishi. Wanawake watumishi wamo katika lawama hii sawa na wanaume, nao wasijifiche nyuma ya makala yetu.

Sasa twaijia hoja iliyo chini ya hoja zote, ambayo haisemwi barazani lakini husemwa njiani wakati wa kurudi nyumbani: mwanamke ana mume, mshahara wake ni wa nyongeza, wa nguo na mafuta ya nywele, mwanamume ndiye mwenye mzigo.

Hoja hiyo twaijua. Watangulizi wetu waliisikia ikisemwa juu yao. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, na katika miaka yote iliyofuata, waajiri wa kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika aliyekuja mjini kufanya kazi alipwe kama mseja, maana mkewe yuko kijijini, analima, anakula na watoto kwa jembe lake mwenyewe. Mtu hakulipwa kwa kazi aliyofanya. Alilipwa kwa vile alivyodhaniwa kuhitaji. Na hata Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa Serikali katika nchi hizi za Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilishauri kwamba asiye Mzungu, akishika kazi ile ile ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano. Sababu zilitolewa nyingi, na zote zilivaa koti la busara: maisha yake si ghali, mahitaji yake ni machache, nyumbani kwake kuna shamba. Vipimo hivyo vya rangi viliachwa baada ya Tume ya Lidbury kutoa ripoti yake mwaka 1954.

Basi twawauliza wenzetu wasemao kwamba Asha ana mume: hoja hii mmeitoa wapi, kama si katika mikono ile ile? Mwafrika alikuwa na shamba, kwa hiyo apunguziwe. Mwanamke ana mume, kwa hiyo apunguziwe. Na wala msisahau shamba lile lililimwa na nani. Ujira mdogo wa baba zetu uliwezekana kwa kuwa mama zetu walilima pasipo kulipwa. Jasho la mwanamke liliingia katika hesabu ya mshahara wa Kiafrika tangu siku ya kwanza, likiandikwa upande wa kupunguza. Ofisi tulizorithi hazikujengwa kwa ajili yake. Huko Uingereza kwenyewe mwanamke mtumishi wa Serikali akiolewa ilimpasa kuacha kazi, hata sharti hilo lilipoondolewa mwaka 1946. Na mshahara sawa na wa mwanamume ulianza kuletwa kwa vipande mwaka 1955, ukatimia mwaka 1961, ndio mwaka Tanganyika ilipopata uhuru. Tulipokea meza, mihuri na majalada, tukapokea na mazoea yake.

Isitoshe, ni nani aliyesema kila mwanamke ana mume, na kila mume ana mshahara? Wajane tunao, walioachwa tunao, na wanaolisha wazazi, kaka na watoto wa dada zao tunao katika kila idara. Lakini hata asingekuwa na mzigo wo wote, akiwa tajiri wa kurithi, ujira ni wa kazi. Hatujasikia mwanamume apunguziwe mshahara kwa sababu mkewe ana duka.

Wengine husema kwa upole kwamba wanawake wenyewe hawapendi safari wala vyeo vyenye shughuli za usiku. Wako wasiopenda, kama walivyo wanaume wasiopenda. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba kazi ya ulezi na ya nyumbani isiyolipwa, duniani kote, wanawake waifanya kwa zaidi ya mara tatu ya wanaume. Mtu atokaye ofisini akaingia katika zamu ya pili, huku mwenzake akitoka ofisini kwenda barazani, hatuwezi kusema wote wawili wamechagua. Na msichana aliyekatizwa masomo kwa kupata mimba, hakuchagua kuanza kazi akiwa na cheti kidogo. Ni mwezi wa Novemba 2021 tu ambapo Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi kama hao wataruhusiwa kurudi shuleni. Waliokosa nafasi hiyo kabla ya mwaka huo wamo katika ngazi za chini za utumishi hivi leo, au hawamo kabisa.

Tutasema na jambo moja ambalo wanaume wenzetu waliogopa kulisema, tukalisikia likinong'onwa: orodha za safari zikigawanywa kwa haki, baadhi yetu tutasafiri mara chache kuliko sasa. Ni kweli, na hatutawadanganya. Fungu la posho halitakua kwa kuwa limegawanywa vema. Kuna nyumba zitakazochelewa kuezekwa. Lakini fedha hiyo haikuwa yetu peke yetu hapo awali, tuliizoea tu.

Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaleta maombi, nayo twataka yaingizwe katika barua ya chama kwa wenye mamlaka. Majina ya wanaosafiri, wanaokwenda mafunzoni na wanaokaimu yabandikwe ubaoni kila robo ya mwaka, na mbele ya kila jina iandikwe siku na fedha. Muda wa likizo ya uzazi usihesabiwe kuwa pengo mtu anapofikiriwa kupandishwa cheo. Likizo ya baba iongezwe, tena iwe ya lazima. Mtumishi amfuataye mwenzi aliyehamishwa na Serikali alipiwe mizigo yake, awe mume au mke. Kazi za uuguzi, ukunga na uchapaji zipimwe upya kwa kipimo kimoja na kazi za kiufundi, na watakaopima wawemo wanaozifanya.

Barua huchukua muda, nayo huweza kulala katika sinia ya mtu. Lipo liwezekanalo pasipo kungoja. Kila tawi lina mwanachama akaaye karibu na daftari la masurufu. Twamwomba aandike, pasipo majina, idadi ya safari za robo iliyopita na siku zake, wanaume wangapi na wanawake wangapi, amletee katibu kabla ya tarehe 20 ya mwezi huu. Tutazipiga chapa hesabu hizo kama zitakavyokuja, tawi kwa tawi. Tawi litakalokosa kuleta, tutaacha mstari wake mtupu katika jedwali.